Kazi tele, akaunti tupu: kisa cha kampuni moja ya viyoyozi

Siku nane kabla ya mishahara, mtunza hesabu wa kampuni ya kufunga na kutengeneza mifumo ya kupoza na kupasha hewa aliingia kwa mwenye kampuni akiwa na karatasi moja mkononi. Msimu wa joto ulikuwa umeiva. Simu hazikuacha kulia, mafundi wote wanane walikuwa kazini, na ratiba ilikuwa imejaa wiki tano mbele. Kwenye karatasi kulikuwa na namba mbili tu: mishahara ya mafundi 25, nafasi iliyobaki kwenye ovadrafti, yaani ruhusa ya benki ya kutoa zaidi ya kilichomo kwenye akaunti, 5.

“Bosi, hapa hatufiki hata robo.”

“Itakuwaje? Mwaka huu wote hatujakaa hata wiki moja bila kazi.”

Mwenye kampuni hakuwa mzembe wala mtu wa anasa. Alikuwa fundi hodari aliyeanza peke yake na sanduku la vifaa, akakua kwa sifa ya kazi safi. Na alichosema kilikuwa kweli: kazi zilikuwepo. Kosa lake, na ni kosa linaloniuma kila ninapoliona kwa mafundi wanaogeuka wenye kampuni, lilikuwa kuamini kwamba kazi nyingi na pesa nyingi ni kitu kimoja. Katika biashara ya viyoyozi, boila na pampu za joto, mara nyingi kazi inapozidi ndipo pesa inapokauka. Kampuni haianguki katika miezi mikavu ambayo kila mtu anaiogopa. Inaanguka simu zikiwa bado zinalia.

Kisa hiki nimekipanga kwa ajili ya kufundishia, kwa hiyo kampuni haina jina wala sarafu. Namba zote zimepimwa kwa kipimo kimoja: mauzo ya mwezi wa wastani ni 100, hivyo ya mwaka ni 1,200. Msomaji mwenye biashara ya namna hii aweke mauzo yake mwenyewe mahali pa 100, ataona uwiano.

Faida ilikuwepo

Tuanze na kile mwenye kampuni alichokuwa anakitazama, yaani taarifa ya mapato na matumizi. Mauzo yalipanda kutoka 900 mwaka uliotangulia hadi 1,200. Mitambo na vifaa vilimgharimu 560, mafundi 300, na gharama nyingine zote, yaani ofisi, pango, magari, bima na uchakavu, 256. Faida ni 84, asilimia 7 ya mauzo. Si faida ya kujivunia sana, lakini si ya kampuni inayokufa.

Sasa tufuate pesa yenyewe. Kwa faida ya 84 turudishe uchakavu wa 18, kwa kuwa uchakavu ni hesabu tu, hakuna aliyelipwa. Tuna 102. Lakini wadaiwa, yaani wateja waliokwishahudumiwa na hawajalipa, walikuwa 155 mwanzoni mwa mwaka na 290 mwishoni. Ongezeko hilo la 135 peke yake limemeza ile 102 yote na bado lina njaa. Vitu vya stoo vilipanda kutoka 40 hadi 64. Kilichookoa hali ni kwamba kampuni nayo ilichelewa kuwalipa wauzaji wa mitambo, deni lao likapanda kutoka 105 hadi 150, na wateja walilipa kabla ya kazi kiasi cha 20 zaidi ya mwaka uliopita. Jumlisha na utoe: shughuli za mwaka mzima, za kampuni iliyouza 1,200, ziliacha pesa taslimu 8.

Kwa hiyo 8 walinunua magari mawili ya kazi kwa 46, wakalipa rejesho la mkopo 14, na mwenye kampuni akatoa 48 kwa matumizi ya nyumbani pamoja na kodi yake ya mapato. Akaunti iliyoanza mwaka na 45 ilimaliza ikiwa na upungufu wa 55, na kikomo cha ovadrafti ni 60. Ndiyo ile 5 ya kwenye karatasi.

Magari yale nayasemea kidogo, kwa sababu hakuna aliyemzuia. Gari la kazi hudumu miaka. Kulilipia lote kwa pesa ya mzunguko, ile inayotakiwa kununua mabomba ya shaba wiki ijayo, ni kuifunga pesa ya wiki ndani ya chuma cha miaka. Yalinunuliwa mwezi ambao akaunti ilikuwa imenona, na sababu ya kununua ilikuwa hiyo hiyo: imenona. Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo, tena ni wa zamani kuliko mwaka huu wa matatizo.

Pesa ya nani?

Katika msimu wa joto mteja wa nyumbani anayebadilisha kiyoyozi hulipa sehemu ya bei kabla. Mteja wa mkataba wa matengenezo hulipa ada ya mwaka mzima ili fundi aje mara mbili. Kila ankara inabeba kodi ya mauzo ambayo kampuni inaikusanya tu kwa niaba ya serikali. Pesa hizi zote huingia akaunti moja, huchanganyika, na benki haiandiki juu ya salio ni ya nani.

Siku ile ya karatasi, fedha za namna hiyo zilikuwa 70: malipo ya awali ya mitambo ambayo haijafungwa 34, matengenezo yaliyolipiwa na fundi hajaenda 27, kodi ya mauzo isiyowasilishwa 9. Zote zilikuwa zimekwishatumika, kwa mishahara ya mwezi uliopita na kwa mitambo ya mradi wa mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo hali halisi ya kampuni haikuwa upungufu wa 55. Ilikuwa upungufu wa 125.

Mtunza hesabu alipopiga hesabu hiyo hiyo kwa siku ya kwanza ya mwaka, chumba kilinyamaza. Akaunti ilikuwa na 45, na mwenye kampuni alikumbuka vizuri jinsi alivyojiona salama. Fedha za wengine zilizokuwa ndani yake zilikuwa 50. Alianza mwaka wake wa ukuaji mkubwa akiwa chini ya sifuri kwa 5, huku akiamini ana akiba ya karibu nusu mwezi wa mauzo.

Kila jambo lililofuata lilitoka hapo. Alikubali miradi mikubwa kwa sababu alidhani ana mtaji wa kuibeba. Alinunua mitambo kwa jumla kabla ya msimu. Alinunua magari. Hakuna uamuzi hata mmoja kati ya hiyo ambao ungekuwa wa kipumbavu kwa mtu mwenye 45. Ulikuwa wa hatari kwa mtu asiye na kitu, na hakujua kwamba yeye ndiye.

Mradi mmoja, kuanzia agizo hadi hundi

Nusu ya mauzo, 600, ilitoka kwenye majengo mapya ambako kampuni inafanya kazi chini ya mkandarasi mkuu. Tuuchukue mradi mmoja wa 120. Ndani yake mitambo ni 60, imeagizwa na kuletwa siku ya kwanza. Muuzaji anataka alipwe siku ya 30. Jengo haliko tayari: dari haijafungwa, umeme wa kudumu haujaingia. Mafundi wanaanza siku ya 45 na kumaliza siku ya 75. Dai la malipo linaandikwa siku ya 80, mshauri wa mradi analipitisha siku ya 100, na mkataba unampa mkandarasi siku 60 baada ya hapo. Pesa inaingia siku ya 160, tena si yote. Asilimia 10 inazuiliwa: nusu yake italipwa jengo likikabidhiwa, nusu nyingine baada ya kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuona kama kasoro zitajitokeza, cha miezi 12.

Kwa siku 130, tangu ya 30 hadi ya 160, ile 60 ya mitambo imelala kwenye jengo la mtu. Kama kampuni imeikopa benki kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, siku hizo zinagharimu 3.2. Faida ghafi ya mradi, ile ya kabla ya gharama za ofisi na nyinginezo, ni asilimia 18, yaani 21.6. Takriban moja ya saba ya faida ghafi imeliwa na kusubiri, na kusubiri huko hakumo kwenye bei aliyoitoa. Sijahesabu hata mishahara ya mafundi waliofunga, ambayo imelipwa mwezi baada ya mwezi.

Tuseme wazi lilivyo: kampuni hii ilikuwa inamkopesha mkandarasi. Ilikuwa benki isiyotoza riba, yenye mtaji uliotoka kwa watu wa majumbani waliolipia viyoyozi vyao kabla. Bibi mmoja anayesubiri mashine yake ifungwe ndiye aliyekuwa akigharimia jengo la ghorofa. Kwangu hilo ni zaidi ya suala la hesabu. Kampuni ingefungwa wiki ile, yeye ndiye angekosa pesa na kiyoyozi.

Wadaiwa wakitenganishwa, picha inakuwa kali zaidi. Kati ya 290, miradi ya majengo ilikuwa inadaiwa 230 na kazi nyingine zote 60, ingawa kila upande uliuza 600. Gawanya deni kwa mauzo ya mwaka, zidisha kwa 365: majengo yalilipa baada ya siku 140 kwa wastani, nyumba na matengenezo baada ya siku 37. Wastani wa kampuni nzima ni siku 88, namba ambayo haimwelezi mteja yeyote. Kampuni inayofuatilia wastani huo peke yake ingeweza kuwasumbua wateja wa nyumbani kwa simu huku tatizo liko kwingine.

Asilimia 25 iliyokuwa 20

Mwenye kampuni aliamini anapata asilimia 25 kwenye miradi. Njia yake ilikuwa kujumlisha gharama na kuongeza robo. Lakini robo ya gharama si robo ya bei: ukiwa na gharama 100 na ukaongeza 25, bei ni 125, na 25 ndani ya 125 ni asilimia 20. Ukitaka kweli kubaki na asilimia 25 ya bei, unagawanya gharama kwa 0.75 na kupata 133. Tofauti kati ya 125 na 133 inaonekana ndogo siku ya kuandika bei. Kwa mauzo ya miradi ya 600, ni takriban 40 kwa mwaka, zaidi ya mishahara ya mafundi ya mwezi mmoja.

Kutoka 20 hadi 18 kulitokana na kurudia kazi. Kompresa ikifa ndani ya dhamana, kiwanda kwa kawaida kinatoa kompresa nyingine. Saa za fundi, gesi mpya, naitrojeni, kulehemu upya na mafuta ya gari ni juu ya aliyefunga. Gharama hizo zilikuwa zinaandikwa kwenye kapu la “mafundi” kwa ujumla, hivyo hakuna mradi hata mmoja ulioonekana kuzibeba. Ni jambo jepesi kurekebisha, namba ya mradi tu kwenye karatasi ya kila safari, na bado kampuni nyingi hazifanyi.

Kwa kulinganisha, kubadilisha mashine majumbani kulikuwa na faida ghafi ya asilimia 35, na ukarabati na matengenezo asilimia 44. Ukigawa zile gharama nyingine za 256 kwa kufuata mauzo, miradi ingebebeshwa 128 wakati imeleta 108 tu. Sishauri kuuamini sana mgawo huo, kwa kuwa matengenezo hutumia simu na magari kuliko mradi mmoja mkubwa uliokaa mahali pamoja. Hata hivyo unatosha kuuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza mwaka mzima: tunakua upande upi, na kwa nini?

Pesa iliyokuwa imejificha ndani ya karatasi

Ilipopitiwa orodha ya madai ya majengo, moja baada ya nyingine, lilijitokeza jambo ambalo mimi naliona ndilo la kujifunza zaidi katika kisa hiki. Kazi za thamani ya 37 zilikuwa zimekamilika na kuandikwa kama mauzo, lakini madai yake hayakuwa yamepelekwa kwa mkandarasi. Siku zilikuwa hata hazijaanza kuhesabika. Si kwamba mkandarasi alikataa kulipa, hakuwa ameombwa.

Sababu ilikuwa karatasi ya majaribio. Mkataba unataka kila mfumo upimwe kabla ya dai: mabomba yajazwe naitrojeni na kuachwa kuonekana kama presha inashuka, hewa na unyevu vivutwe kwa pampu ya vakyumu, gesi ipimwe kwa uzito, mtiririko wa hewa upimwe kwenye kila tundu, vipimo viandikwe na kutiwa saini. Fundi mwenye ujuzi na vifaa vya kufanya hayo alikuwa mmoja tu. Na msimu ulipochachamaa, huyo huyo, kwa kuwa ndiye bora, alitumwa kwenye kila dharura na kila kazi mpya. Kila asubuhi uamuzi huo ulionekana wa busara: mteja mpya analalamika, mradi wa zamani umetulia. Matokeo yake ni kwamba kampuni iliendelea kuanzisha kazi mpya kwa pesa ya kukopa, huku kazi zilizokwisha zikikosa siku moja tu ya fundi ili zianze safari ya kulipwa.

Majaribio yote yaliyobaki yalihitaji siku sita. Ukitazama thamani, siku moja ya fundi yule kwenye majaribio ilifungua zaidi ya 6, wakati siku moja ya dharura ilileta chini ya 2. Ratiba ya mafundi ilikuwa inapangwa na aliyepokea simu. Ilipaswa kupangwa na mtu anayejua pesa iko wapi.

Karibu na hapo kulikuwa na fedha za zuio. Kati ya 48 zilizozuiliwa, 14 zilikuwa zimekwishapita kipindi cha matazamio. Hakuna aliyeziomba. Mkandarasi hana sababu ya kukukumbusha. Tarehe hizo lazima ziwe kwenye kalenda ya anayedai, tangu siku ya kukabidhi. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ilikuwa imeshaanza kupotea.

Stoo

Ile 64 ya stoo ilikuwa na kipande kimoja cha kusikitisha: mashine za thamani ya 9 zinazotumia gesi ya R-410A, zilizonunuliwa kwa wingi ili kupata punguzo. Tangu Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyoongezwa kwenye Itifaki ya Montreal na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, dunia inapunguza hatua kwa hatua gesi za jamii hiyo. R-410A ina uwezo wa kuongeza joto duniani wa takriban mara 2,088 ya hewa ya ukaa; R-32 ni takriban mara 675. Watengenezaji wamehamia kwenye gesi zenye uwezo mdogo zaidi wa kuongeza joto, na mteja anayesoma kidogo anauliza mashine mpya ni ya gesi gani. Huwezi kumtilia R-32 kwenye mashine iliyoundwa kwa R-410A: inashika moto kwa kiasi fulani na mashine haikujengwa kwa ajili yake. Punguzo alilopata siku ya kununua lilikuwa dogo kuliko punguzo alilolazimika kutoa ili ziondoke. Mitungi ya R-410A yenyewe lakini haikuuzwa, na nakubaliana na uamuzi huo. Mashine zilizokwishafungwa zitahitaji gesi hiyo kwa miaka, na ugavi wake unabana.

Siku nane

Benki iliombwa kuongeza ovadrafti? Hapana, na ilikuwa sahihi kutoomba. Kukopa zaidi kungeongeza muda wa ugonjwa bila kuugusa.

Madai ya majengo yasingeweza kulipwa ndani ya siku nane hata yangepelekwa yote siku hiyo. Pesa ya haraka ilikuwa kwenye ile 60 ya nyumba na matengenezo. Mtunza hesabu aligundua kwamba baadhi ya ankara zilitumwa wiki mbili hadi tatu baada ya fundi kuondoka, zikisubiri karatasi zirudi ofisini. Wakawapigia wateja, kwa adabu, wengine wakashangaa kwamba hawajalipa. Zilipatikana 21 kwa siku sita. Pamoja na ile 5, ikawa 26. Mishahara ikalipwa 25. Mwenye kampuni hakuchukua chochote mwezi huo.

Kisha wakaketi kuandika makadirio ya pesa ya wiki 13, ukurasa mmoja, safu kwa kila wiki: kinachoingia, kinachotoka, salio. Kanuni moja ilishikiliwa kwa ukali. Pesa ya mteja iliwekwa kwenye wiki ambayo mteja huyo kwa kawaida hulipa, si wiki iliyoandikwa kwenye ankara. Kwa kanuni hiyo, wiki ya 6 ilionyesha shimo la 18 chini ya kikomo. Kulijua shimo wiki sita kabla ni neema. Mwenye kampuni alimwendea muuzaji wake mkubwa wa mitambo akiwa na ukurasa huo, akaomba deni la 36 ligawanywe 3 kila wiki kwa wiki 12, na manunuzi mapya yalipwe taslimu. Muuzaji alikubali. Nadhani alichokubali ni ule ukurasa: mdaiwa anayeonyesha hesabu yake ni nadra.

Mageuzi

Akaunti ya pili ilifunguliwa. Malipo ya awali, ada za matengenezo na kodi ya mauzo vinaingia humo siku hiyo hiyo. Sehemu ya malipo ya awali inahamia akaunti ya kazi pale mashine ya mteja yule inapoagizwa, na yaliyobaki inapofungwa; ada ya matengenezo inahama nusu baada ya kila safari ya fundi. Mwenyewe alisema miezi mitatu ya kwanza ilikuwa kama kujifunga kamba. Hakukuwa na 70 ya kuweka humo kwa siku moja, hivyo walianza na wateja wapya na kujaza pengo la zamani polepole.

Masharti ya miradi yalibadilika: asilimia 30 kabla ya kuagiza, haki ya kudai mitambo iliyofikishwa kwenye eneo la ujenzi hata kama haijafungwa, au mkandarasi amlipe muuzaji wa mitambo moja kwa moja. Mkandarasi mmoja alikubali la kwanza, mwingine la tatu. Wa tatu, aliyekuwa mteja mkubwa kuliko wote, alikataa yote, na wakaachana. Ulikuwa uamuzi mzito, na mwenye kampuni alikaa siku mbili kabla ya kusema hapana.

Kuna jambo dogo lenye faida kubwa ambalo waliligundua njiani. Muuzaji alikuwa akitoa punguzo la asilimia 2 kwa anayelipa ndani ya siku 10 badala ya 30. Walikuwa wakilipuuza. Kuiacha asilimia 2 ili ukae na pesa siku 20 zaidi ni sawa na kukopa kwa takriban asilimia 37 kwa mwaka, wakati ovadrafti yenyewe ni 15. Tangu pesa ilipotulia, punguzo hilo hupewa kipaumbele.

Mikataba ya matengenezo ilihamishwa kutoka ada ya mwaka hadi ya kila mwezi kwa waliotaka. Washauri wengi wangependelea pesa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mimi kwa kampuni hii niliona afadhali ya kila mwezi, kwa sababu mkupuo ulikuwa unaingia katika mwezi ambao tayari umenona na kuliwa humo humo. Ziara zikapangwa kwenye miezi ya katikati, isiyo ya joto wala ya baridi, ambapo mafundi hulipwa hata simu zikinyamaza.

Mwenye kampuni alijiwekea mshahara wa 3 kwa mwezi. Asubuhi moja kila wiki ikawa ya majaribio na madai, haijalishi nani amepiga simu.

Miezi 12 baadaye

Mauzo yalishuka hadi 1,080. Miradi ilipungua kutoka 600 hadi 400, nyumba zikawa 380, ukarabati na matengenezo 300. Kwa bei iliyosahihishwa, faida ghafi ilifika 360, kutoka 340, na faida ya mwaka ikawa 100, hata baada ya kufuta deni la 8 la mteja ambaye hatalipa kamwe. Wadaiwa walishuka hadi 150, sawa na siku 51. Deni la wauzaji lilishuka hadi 85. Fundi mmoja aliondoka kufuata miradi mikubwa kwingine, na pengo lake lilisikika msimu mzima.

Akaunti zote mbili kwa pamoja zilikuwa na 95. Msimu wa joto ulikuwa umerudi, gari moja la kazi lilikuwa limeanza kusumbua, na mwenye kampuni alikuwa amepata bei nzuri ya jingine, taslimu 24. Alimwuliza mtunza hesabu kama pesa hiyo ipo.

Mtunza hesabu akageuza daftari, akamwonyesha mistari miwili. Salio: 95. Za wengine: 82.

“Zetu ni 13, bosi.”

Gari lile lilipelekwa gereji.